Nani Anakalia Sponji?

Ukipanda daladala ya baiskeli Shinyanga mjini, anayekaa vizuri ni abiria. Karia ya nyuma imeshonewa kigodoro cha sponji, kikafunikwa ngozi bandia ya rangi za kung'aa, na chini yake kuna vyuma vya kuegesha miguu. Dereva, ambaye atakanyaga pedeli tangu alfajiri mpaka jua linazama, yuko juu ya siti iliyokuja na baiskeli kutoka kiwandani. Imechanika ubavuni, springi moja imekatika na kufungwa waya. Kibiashara hilo halishangazi: abiria analipia ulaini, asipoupata atapanda ya jirani. Ila hapo pana funzo jingine ambalo wanunuzi wengi wa siti hawalioni. Abiria anakaa dakika kumi, na kwa dakika kumi sponji inatosha kabisa. Anayekaa saa tatu au nne mfululizo ana mahitaji tofauti, na akinunua siti kwa kuibonyeza kidole gumba dukani, kama wengi wanavyofanya, atarudi nyumbani amekaa upande.

Runzewe ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mji huu uko wilayani Bukombe, kwenye barabara kuu inayotoka Kahama, inapita Ushirombo, kisha inaendelea Nyakanazi na hatimaye Rusumo, mpakani na Rwanda. Mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa mkoa wa Geita, Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga, na kwa mambo ya baiskeli Runzewe bado ni Shinyanga tupu. Usukumani baiskeli iliingia kwa nguvu na fedha ya pamba, hasa miaka ya 1950, wakati vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani vilipokuwa vinapanuka. Mavuno yakishauzwa, mwenye nyumba ananunua mabati, na baada ya mabati, baiskeli. Kutoka huko watu walihamia magharibi, kwenye ardhi ya Wasumbwa, wakifuata mashamba na malisho, na baadaye dhahabu. Baiskeli wakaja nazo.

Leo bodaboda imechukua abiria karibu wote. Kilichobaki kwa baiskeli ni mzigo, na mtu asiyetaka fedha yake iishie kwenye petroli. Mkaa unatoka porini kwa baiskeli. Mahindi yanakwenda mashineni kwa baiskeli. Mfuga nyuki anakwenda nayo kwenye mizinga, mchimbaji mdogo anakwenda nayo shimoni, na mwanafunzi wa sekondari anayeishi mbali na shule haoni njia nyingine. Hawa ndio waendesha baiskeli wa masafa marefu wa nchi hii, ingawa ukitaja masafa marefu watu wengi hufikiria mzungu mwenye kofia ngumu na mabegi mawili pembeni ya gurudumu.

Tuanze na mwili, maana siti haichaguliwi kwa macho. Ukikaa kwenye benchi gumu na kuyumba kidogo kushoto na kulia, utasikia mifupa miwili inagonga ubao. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, sehemu ya chini kabisa ya nyonga, na maumbile yameiweka hapo kubeba uzito. Nyama iliyoizunguka huchubuka na kuuma siku za mwanzo, kisha huzoea. Katikati ya mifupa hiyo kuna msamba. Msamba haukuumbwa kubeba chochote. Humo inapita mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda sehemu za siri, na mishipa hiyo ikibanwa muda mrefu, ganzi huanza. Siti nzuri ni ile inayoubeba uzito kwenye mifupa na kuuacha msamba upumue. Mengine yote, rangi, jina la kampuni, unene wa sponji, yanakuja baada ya hapo.

Sponji nene huonyesha kasoro yake hapa. Mtu akiikalia, mifupa miwili inadidimia, kwa kuwa ndiyo migumu. Sponji iliyosukumwa kutoka chini ya mifupa haina pa kwenda isipokuwa pembeni na katikati, na katikati ndipo ulipo msamba. Dakika za mwanzo ni raha tupu. Baada ya saa moja ganzi inaanza, na anayeendesha, akidhani siti bado ni ngumu, anaongeza kava jingine la sponji juu ya lile la kwanza. Nimeona Runzewe siti zenye makava matatu, moja juu ya jingine, la juu kabisa lina picha ya timu ya mpira. Mwenye nayo analalamika miguu inakufa ganzi. Itaachaje kufa?

Kinachotakiwa ni ugumu wa kiasi na upana unaolingana na mifupa ya mhusika. Upana huo hupimika bila mashine yoyote. Chukua kipande cha boksi, lile la sabuni au la mafuta ya kula, kiweke juu ya kiti kigumu, kalia huku umeinama kama unavyoinama kwenye baiskeli, nyanyua visigino kidogo, kaa hivyo nusu dakika. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya lingine. Kwa watu wazima wengi jibu huangukia kati ya sentimita 10 na 14, na kwa wastani wanawake wana nafasi pana kidogo kuliko wanaume. Siti iwe pana kuliko kipimo hicho kwa sentimita mbili au tatu, ili mifupa isikae ukingoni. Inashangaza kwamba unene wa mtu hausemi chochote hapa. Mama mnene anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na kijana mwembamba kama fito akawa na nyonga pana. Muuza duka anayekutazama makalio na kukukadiria siti anabahatisha tu.

Hata hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kuna mkao, na kwangu mimi mkao ndio unaoamua zaidi ya kitu kingine chochote. Mtu aliyenyooka wima juu ya baiskeli, mikono imelegea kwenye usukani ulio juu, ameuweka karibu uzito wake wote kwenye siti. Nyonga yake imekaa sawa, na sehemu pana ya ile mifupa ndiyo inayogusa. Huyu anahitaji siti pana, na springi zinamfaa kweli, kwa sababu kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Aliyeinama mbele, kama wale wa baiskeli za mbio, amegawa uzito kati ya mikono, miguu na siti, na nyonga yake imezunguka kuelekea mbele, mahali ambapo mifupa hukaribiana. Huyo siti pana itamkwangua mapaja kila anapokanyaga. Anahitaji nyembamba, na ngumu kuliko anavyodhani.

Ndiyo maana siti kubwa ya Phoenix ya Kichina au ya Avon ya India, ile yenye springi nyuma na upana unaofika sentimita 20 na zaidi, imedumu vijijini miaka mingi hivi. Kwa baiskeli yenye usukani wa juu na breki za vyuma ni siti sahihi. Tatizo linaanza kijana anapoing'oa na kuipachika kwenye baiskeli ya gia aliyonunua kwenye mtumba, kwa kuwa "ni kubwa, itakuwa laini". Au kinyume chake, anapoweka siti nyembamba ya mbio kwenye Phoenix ya baba yake ili ionekane ya kisasa. Siti zote mbili ni nzima. Zimewekwa chini ya mtu asiye wake.

Utafiti mmoja unaipa sifa baiskeli ya mkulima kuliko mkulima mwenyewe anavyojua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo kuhusu wanaume wanaoendesha baiskeli, zaidi ya 2,700, wakiwalinganisha na waogeleaji na wakimbiaji. Hofu ya zamani kwamba baiskeli inaua nguvu za kiume haikuthibitika: waendesha baiskeli hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Ganzi ilikuwapo, ila wale ambao usukani wao ulikuwa sawa na siti au juu yake walipata ganzi na vidonda kwa uwezekano mdogo zaidi, na wale waliosimama kwenye pedeli zaidi ya asilimia 20 ya muda wa safari walipata nafuu kubwa. Usukani wa juu ndio uliozoeleka Runzewe tangu zamani. Vijana wanaougeuza uangalie chini wanajinunulia maumivu bure.

Habari ya kuharibika kwa nguvu za kiume, hata hivyo, haikutoka hewani. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, iliwafuatilia polisi wanaofanya doria kwa baiskeli, watu wanaokaa juu ya siti kama kazi ya kila siku, hali inayowakaribia madereva wa daladala wa Shinyanga kuliko mwanamichezo yeyote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, polisi 90 walipewa siti zisizo na ncha ya mbele, wakazitumia miezi sita. Mwanzoni ni asilimia 27 tu waliosema hawakupata ganzi wakiwa juu ya baiskeli. Mwishoni walifika asilimia 82. Hayo ni matokeo makubwa, na mtu anaweza kuuliza kwa nini basi siti hizo hazijajaa madukani.

Jibu liko kwenye mzigo. Ncha ya siti si urembo. Mapaja huigusa pande zote mbili, na kwa kuigusa huko mwendeshaji huiongoza baiskeli bila kuikaba kwa mikono. Mtu mwenye magunia mawili ya mkaa nyuma yake, gurudumu la mbele likiwa jepesi kama halipo, akikosa ncha ya kubana kwa mapaja atayumba mpaka mtaroni. Polisi wa doria hana gunia. Kwa hiyo kwa mazingira yetu siti isiyo na ncha siipendekezi, isipokuwa kwa mtu anayekwenda mtupu au anayeugua hasa. Ile yenye mfereji au tundu katikati, ambayo siku hizi inapatikana hata kwenye baiskeli za mtumba, ni njia ya kati inayoeleweka zaidi. Angalia tu kingo za tundu hilo. Zikiwa kali, presha inahama kutoka katikati na kukusanyika kwenye kingo, na hapo umebadilisha ugonjwa, hujaponya.

Kuna jambo jingine la mzigo ambalo sijaliona kwenye maelekezo ya siti yoyote, maana wanaoyaandika hawabebi mkaa. Gunia likifungwa kwa mpira wa tubu kwenye karia, mara nyingi hujaa mpaka linagusa mgongo wa mwendeshaji na kumsukuma mbele. Mtu huyo hakai tena kwenye sehemu pana ya siti, anakaa kwenye ncha. Hata ukimnunulia siti bora duniani, upana wake wote uko chini ya gunia. Nafuu yake ni kufunga mzigo nyuma zaidi na chini zaidi, hata kwa gharama ya kuongeza miti miwili kwenye karia. Baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ina karia ndefu inayobeba kilo 100, na naamini kwamba urefu wa karia hiyo unamsaidia mwendeshaji makalioni kuliko siti yenyewe.

Ukipita kwa mafundi baiskeli walio kando ya barabara Runzewe, utasikia malalamiko ya siti kila siku, na nusu ya hayo si ya siti. Siku moja nilikuwa nimesimama kivulini kwa fundi mmoja, kijana, akaja mzee na Phoenix iliyopauka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nitafutie siti nyingine, baba. Hii inanichinja."

Fundi hakwenda dukani. Alishika siti kwa mikono miwili, akaisukuma chini kwa nyuma, ikashuka kwa kelele ya chuma kusagana, ncha ikapanda juu. "Mzee, siti haina kosa. Meno ya kibano yamelika. Ukikaa tu, nyuma inalala, mbele inakuchoma." Akafungua nati mbili za pembeni kwa spana, akatoa kile kibano kinachoshika vyuma vya chini ya siti, akamwonyesha. Meno yaliyotakiwa kung'ata yalikuwa laini kama sarafu ya zamani. Akaweka kibano kingine, akaikaza siti ikiwa imelala sawa, mzee akapanda na kuzunguka mti wa mwembe mara moja. Hakununua siti.

Hilo ni somo zima la urekebishaji. Ncha ikipanda juu inabana msamba. Ikishuka sana, mwili unateleza mbele, na mikono inabeba uzito mpaka viganja vinakufa ganzi. Anza na usawa. Pima maji ya fundi mwashi ikilazwa juu ya siti, kutoka ncha hadi nyuma, itasema ukweli ndani ya sekunde mbili. Baada ya hapo waweza kushusha ncha kidogo mno, ukijaribu safari moja kabla ya kushusha tena. Hata wakubwa wa mchezo walihangaika na hili. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kwa muda mrefu kiliwalazimisha wanamashindano kulaza siti karibu sawa kabisa, na baada ya malalamiko, hasa kuhusu afya ya wanawake, kikaruhusu mwinamo wa mpaka nyuzi 9. Ukiona timu zilizokuwa Kigali Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya barabarani ya kwanza kufanyika Afrika, utaona ncha nyingi zinaangalia chini kidogo. Barabara ileile inayopita Runzewe ndiyo inayoyafikisha malori huko.

Urefu wa siti ndio kosa la kawaida kuliko yote. Watu wengi wanaiweka chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, jambo linaloeleweka ukiwa unasimama kila mara kwa ajili ya malori. Ila siti ikiwa chini, magoti yanabaki yamekunjika, miguu haisukumi vizuri, na uzito ambao ungebebwa na miguu unarudi wote makalioni. Ikiwa juu kupita kiasi, nyonga inayumba kushoto na kulia kutafuta pedeli, na kuyumba huko ndiko kunakochubua ngozi. Kipimo cha haraka: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama. Ukishaweka sehemu ya mbele ya wayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayetaka hesabu kamili aazime futi ya fundi cherehani, apime mguu kwa ndani kutoka msamba hadi sakafuni akiwa pekupeku, azidishe kwa 0.883. Kanuni hiyo inahusishwa na Mfaransa Cyrille Guimard, kocha aliyemfundisha Greg LeMond, na matokeo yake ni umbali kutoka katikati ya ekseli inayozungukia mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata karibu 70 na nusu. Ni mahali pa kuanzia tu, maana wenye siti za springi watajikuta wanashuka wakikaa.

Kuisogeza siti mbele na nyuma watu huisahau kabisa. Mikono ya pedeli ikiwa imelala sawa na ardhi, timazi ikining'inizwa kutoka mbele ya goti la mguu wa mbele ishuke karibu na katikati ya pedeli. Siti ikiwa nyuma mno unajivuta kufikia usukani, na kujivuta huko kunakupeleka kwenye ncha.

Sasa ngozi. Kuna hadithi inayosimuliwa ya Mwingereza John Boultbee Brooks wa Birmingham, ambaye kampuni yake ya matandiko ya farasi ilianza mwaka 1866. Farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwenda kazini, siti ikamtesa, akaamua kutengeneza yake. Hataza yake ya kwanza ya siti ni ya mwaka 1882, na siti yake maarufu, B17, ilitoka mwishoni mwa karne hiyo na inatengenezwa mpaka leo. Siti hiyo haina sponji hata chembe. Ni kipande cha ngozi nene kilichowambwa kama ngoma kati ya ncha na nyuma, na chini ya ncha kuna skrubu ya kukaza ngozi ikilegea. Ngozi hiyo inaanza ngumu kama ubao, na baada ya kilomita mia kadhaa inabonyea pale tu ilipo mifupa ya mwenye nayo, ikabaki juu mahali pengine. Siti ya ngozi ya mtu mwingine, kwa hiyo, ni siti ya mtu mwingine kweli.

Raleigh za zamani zilizokuja Tanganyika zilikuwa na siti za namna hiyo. Wazee wanaozikumbuka hawadanganyi wanaposema zilikuwa bora, ingawa husahau kutaja mwezi wa kwanza. Udhaifu wake ni maji. Ngozi iliyolowa kisha ikakaliwa inanyooka na kulegea, na Runzewe mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, kutoka miezi ya vuli hadi masika. Anayeitaka awe na mfuko wa plastiki wa kuifunika, asiikaushe motoni, aipake mafuta ya ngozi kwa kiasi mara chache kwa mwaka; kuilowesha kwa mafuta ya kula ili ilainike haraka ni kuiua. Huwa najiuliza kwa nini nchi yenye ng'ombe wengi kama Usukuma inanunua siti za plastiki kutoka nje, na mafundi viatu wetu, wanaojua kuwamba na kushona ngozi, hawajaulizwa. Labda kwa sababu ngozi ya siti inahitaji unene na usindikaji wa aina yake. Lakini kwa mtu anayesafiri na baiskeli miaka, na mwenye subira ya mwezi mmoja, bado sijaona siti inayoishinda.

Barabara nayo inaingia kwenye hesabu. Lami ya Kahama–Nyakanazi ni laini, na kwenye lami mtu hukaa bila kusogea, jambo ambalo ni baya kuliko mashimo. Kwenye barabara ya vumbi anainuka kila mara bila kujua, damu inapita. Ukiwa kwenye lami jilazimishe kusimama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache, hata kama hakuna kilima. Balaa la lami ni ukingo wake. Lori la Rwanda au la Kongo likija kwa mwendo unalazimika kushuka pembeni, gurudumu la nyuma linaanguka sentimita kadhaa, na pigo lote linapanda kwenye siti. Inuka kabla ya kushuka, usikae. Upepo wa tairi nao usipuuzwe: tairi pana lililojazwa kiasi linameza mitetemo mingi kuliko springi yoyote ya siti, na kulijaza tairi mpaka ligonge kama jiwe ni ushujaa usio na maana, isipokuwa una mzigo mzito.

Kuhusu nguo nitasema machache, ingawa zina uzito kuliko inavyodhaniwa. Tazama suruali ya jinsi: mishono minne minene inakutana palepale kwenye msamba. Ukiikalia saa tatu, siti yoyote ni mbaya. Bukta za baiskeli zenye kitambaa laini ndani huonekana mara mojamoja kwenye mitumba, watu wanazipita wakidhani ni za ndani. Zichukuliwe, zivaliwe chini ya kaptula pana, bila chupi ndani yake, zifuliwe kila siku. Asiyezipata avae kitu kisicho na mshono mnene, ajipake mafuta ya mgando mahali panaposuguana. Vipele vinaanza kwa msuguano na jasho, na jasho la Runzewe mwezi wa Oktoba halihitaji kusimuliwa.

Wanawake mambo haya yote yanawahusu, pamoja na mawili ya nyongeza. Nyonga pana kwa wastani humaanisha siti pana zaidi, na bahati nzuri baiskeli za kike za zamani zilikuja nazo. Lakini muuguzi au mwalimu anayeendesha baiskeli ya gia ya mumewe anakalia siti ya mumewe, na maumivu anayoyapata mara nyingi yako mbele, kwenye sehemu za siri zenyewe, si kwenye mifupa. Kwake ncha fupi, yenye tundu, iliyoshushwa kidogo, ndiyo ya kujaribu kwanza, na aibu ya kumweleza fundi isimzuie. Aseme tu, "Fundi, shusha mbele kidogo," inatosha.

Kuna swali la mwisho ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nivumilie mpaka lini? Inategemea maumivu yako wapi. Kuuma kwenye mifupa miwili, kama kuchubuka kwa nyama, ni kawaida kwa siti mpya au kwa mtu aliyekaa muda bila kuendesha. Kukipungua wiki hadi wiki, endelea. Kusipopungua baada ya wiki mbili tatu za kuendesha mara kwa mara, siti haikufai upana au urefu wake si sahihi. Ganzi haivumiliwi hata siku moja. Ukiisikia, simama, shuka, tembea, kisha angalia ncha na urefu kabla ya kupanda tena. Jipu au kidonda kinachotoa usaha kinahitaji zahanati, si kava jipya. Na ganzi inayobaki baada ya kushuka, ikakaa mpaka kesho yake, au ikija pamoja na shida ya kukojoa, hiyo si kazi ya fundi baiskeli tena. Mtu aende hospitali ya wilaya, na amweleze daktari waziwazi anaendesha baiskeli saa ngapi kwa siku na anabeba nini.